Hifadhi ya Taifa ya Arusha: namna ya kuutembelea msitu, maziwa na Mlima Meru bila kupoteza siku

Hifadhi hii iko karibu mno na mji, na ukaribu huo ndio unaowaponza wengi. Mtu anaambiwa ni mwendo wa saa moja tu kutoka Arusha mjini, basi anaamka saa mbili, anakunywa chai taratibu, anafika langoni saa tano. Kilimanjaro imeshafunikwa na wingu, upepo umeshaanza kulitibua ziwa, mbega wamepanda kileleni mwa miti kukwepa joto, na twiga wamejikunyata kwenye vivuli. Jioni anarudi akisema hakuna cha kuona. Kila kitu kilikuwepo, ila alikikuta saa isiyo yake.

Mwongozo huu umepangwa kwa kanuni moja: wingu ndilo linalopanga ratiba. Asubuhi nenda kwenye maziwa, katikati ya siku tembea kwa miguu, mchana na alasiri panda Ngurdoto na uingie msituni. Ukibadilisha mpangilio huo, uwe na sababu.

Ardhi yenyewe

Sehemu ni tatu, na kila moja ina hali yake ya hewa. Upande wa kusini mashariki kuna Kreta ya Ngurdoto, bakuli la volkano iliyolala, lenye upana wa takriban kilomita tatu na msitu mzito kwenye kingo zake. Kaskazini mashariki yako maziwa ya Momella. Magharibi yote ni Mlima Meru, mita 4,566, wa pili kwa urefu Tanzania. Hifadhi ilianza mwaka 1960 ikiitwa Kreta ya Ngurdoto. Meru uliongezwa mwaka 1967, na ndipo jina la Arusha lilipokuja.

Inafaa kujua jinsi maziwa yalivyotokea, maana ukishajua utaitazama nchi nzima kwa jicho jingine. Maelfu ya miaka iliyopita ubavu wa mashariki wa Meru ulibomoka. Mlima uliobaki una umbo la kiatu cha farasi, na uwazi wake unaelekea Kilimanjaro. Kifusi cha mawe, majivu na tope kilisambaa bondeni, kikaacha vilima vidogovidogo na mashimo katikati yake. Mashimo hayo yalijaa maji ya chini ya ardhi, ndiyo Momella. Kwa hiyo vile vilima vya ajabu unavyopita kwa gari ukielekea ziwani ni vipande vya mlima ulioko nyuma yako. Meru haujafa. Mara ya mwisho ulitoa majivu mwaka 1910.

Lini uende

Masika, kuanzia Machi mwishoni hadi Mei, barabara ya kupanda Ngurdoto huteleza vibaya na njia ya mlimani huwa tope. Msitu unapendeza kuliko wakati wowote, lakini bila gari la magurudumu manne usijaribu. Vuli ya Novemba na Desemba ni nafuu: mvua hunyesha ikakatika.

Juni hadi Agosti watu wengi huvamia kwa kuwa ni kiangazi na shule zimefungwa huko ng'ambo. Ardhi ni kavu kweli, ila wakazi wa Arusha wanaijua Julai yao: asubuhi ya kijivu, manyunyu mepesi, Meru haionekani mpaka saa sita. Kama shabaha yako ni picha ya Kilimanjaro nyuma ya ziwa, chagua Januari, Februari au Septemba. Kama shabaha ni kupanda Meru, Juni hadi Oktoba na Januari hadi Februari zote zinafaa, mradi ubebe nguo za baridi za kutosha.

Kuhusu flamingo, au heroe, usimwamini mtu anayekuahidi idadi. Wanahama kati ya maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa kufuata chakula na kiwango cha maji. Leo ukingo umekuwa wa waridi, wiki ijayo wamebaki ishirini. Muulize dereva au mhifadhi aliyekuwa huko juzi.

Hatua ya kwanza: malipo na vitambulisho

Maliza hili siku moja kabla. Hifadhi iko chini ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, na langoni hupokei huduma kwa noti mkononi. Unapewa namba ya kumbukumbu ya malipo, kisha unalipa kwa benki, kadi au simu. Hapo ndipo foleni inapozaliwa: mtandao ukisumbua saa mbili asubuhi, magari kumi yanasimama. Ukiandaliwa malipo mapema na wakala au kupitia mfumo wa mtandaoni, langoni utaonyesha karatasi tu na kupita.

Mambo manne ya kukagua:

Kitambulisho. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi, kiwango cha chini sana kuliko cha mgeni. Lakini lazima athibitishe. Beba kitambulisho cha taifa au pasipoti, si nakala iliyofifia kwenye simu. Kwa watoto beba cheti cha kuzaliwa, hasa kama mmefuatana na wageni wenye viwango vingine.

Gari. Hulipiwa peke yake, kulingana na uzito na nchi liliposajiliwa. Gari la namba za kigeni hulipa zaidi.

Shughuli. Kiingilio hakijumuishi matembezi kwa miguu wala mtumbwi. Kila kimoja kina tozo yake, na matembezi yanahitaji askari mwenye silaha, ambaye naye hulipiwa.

Viwango. Hubadilika, na kodi ya ongezeko la thamani huongezwa juu yake. Soma orodha ya mwaka husika ya TANAPA. Usitegemee bei aliyokupa jirani aliyekwenda mwaka juzi.

Hatua ya pili: kufika

Lango kuu ni Ngongongare. Kutoka Arusha shika barabara ya Moshi, pita Tengeru, fika Usa River, kata kushoto kwenye njia panda ya Momella. Kutoka Moshi ni barabara hiyohiyo kwa upande wa pili, unapita Bomang'ombe na njia panda ya uwanja wa ndege wa KIA, kisha unakata kulia Usa River. Toka Moshi saa kumi na moja alfajiri kama unataka kuwa langoni linapofunguliwa. Toka Arusha saa kumi na moja na nusu.

Angalia siku. Jumatano na Jumamosi ni gulio la Tengeru. Alfajiri halikusumbui, lakini jioni ukirudi Arusha utakuta watu, mikokoteni na pikipiki zimejaa pembeni mwa barabara. Weka nusu saa ya ziada.

Wasio na gari: panda daladala ya Usa River au basi la Moshi na Arusha, mwambie konda akushushe njia panda ya Momella. Kutoka hapo kuna bodaboda na gari za abiria. Bodaboda itakufikisha langoni tu, si chombo cha kutembelea wanyama. Ndiyo sababu kikundi cha watu watano au sita kuchangia gari la kukodi hutoka nafuu kuliko kila mtu kuhangaika kivyake.

Gari gani? Wakati wa kiangazi Noah au gari dogo lililoinuka kidogo huweza kupita barabara kuu na kuzunguka maziwa kwa uangalifu. Ngurdoto ni habari nyingine. Kupanda kule kuna kona kali, mizizi na makorongo yaliyochimbwa na maji. Gari la chini litagonga tumbo, na mvua ikikukuta juu, kushuka ni kuteleza. Kama bajeti inaruhusu kitu kimoja cha ziada, basi kiwe Land Cruiser au gari jingine la magurudumu manne.

Mwendo ndani usizidi kilomita 50 kwa saa, na msituni hata 25 ni nyingi. Nyati husimama katikati ya barabara baada ya kona, na hakupishi kwa honi. Zima injini, subiri. Tembo wa huku ni wachache na wanapenda msitu, wana woga na hasira kuliko wale wa Tarangire waliozoea magari. Ukiona matawi yaliyovunjwa karibuni na kinyesi kinachofuka moshi, punguza mwendo na uache nafasi ya kurudi nyuma.

Hatua ya tatu: siku yenyewe, saa kwa saa

Saa kumi na mbili na nusu hadi saa moja asubuhi: Serengeti Ndogo. Hii ni mbuga ya wazi unayokutana nayo mara tu baada ya lango. Twiga, pundamilia, ngiri na nyati hula hapa mapema, kabla jua halijawasukuma vichakani. Wengi hupita kasi wakidhani wanyama wenyewe wako mbele. Simama dakika kumi na tano. Hakuna simba katika hifadhi hii, na ndiyo maana twiga wake wana utulivu usiouona kwingine: hulala chini mchana kweupe. Chui na fisi wapo, lakini kumwona chui ni bahati nasibu.

Saa moja hadi saa nne: Momella. Usikengeuke kwenda Ngurdoto kwanza. Asubuhi kreta mara nyingi imejaa ukungu, utaona ziwa la pamba tu. Nenda moja kwa moja kaskazini. Anga likiwa safi, Kilimanjaro inasimama nyuma ya maji upande wa mashariki, na dirisha hilo hufungwa mara nyingi kabla ya saa nne.

Maziwa ni saba: Momella Kubwa, Momella Ndogo, El Kekhotoito, Kusare, Rishateni, Lekandiro na Tulusia. Hayana mto wa kutokea. Maji huondoka kwa kuvukizwa na jua, chumvi inabaki, kwa hiyo ni ya magadi. Kiasi cha chumvi kinatofautiana ziwa hadi ziwa, na kila kiwango kina mwani wake unaostawi humo, ndiyo sababu moja ni kijani kibichi na jirani yake ni la buluu. Flamingo hufuata mwani, si samaki. Ukitaka kuwapiga picha, usishuke ukawakimbilia ukingoni. Wanaruka wote kwa pamoja kwenda ng'ambo na hawarudi mpaka umeondoka. Kaa kwenye gari upande ambao jua liko mgongoni kwako, yaani ukingo wa mashariki asubuhi. Ndiyo, hapo Kilimanjaro inakuwa nyuma yako. Picha ya mlima na picha ya ndege ni vituo viwili tofauti, panga muda wa vyote.

Mtumbwi hupigwa kasia kwenye Momella Ndogo, kwa kawaida kwa muda wa saa mbili hadi tatu pamoja na maelezo. Weka nafasi mapema na omba zamu ya kwanza ya asubuhi. Upepo huanza kabla ya adhuhuri na mtumbwi mwepesi unasukumwa pembeni, mtu asiyezoea kasia anabaki kuzunguka palepale. Vaa koti la kuokolea hata kama unajua kuogelea, funga simu kwenye mfuko usiopitisha maji, na usilazimishe kuingia kwenye matete: viboko na nyati hupumzika humo.

Saa nne hadi saa sita: matembezi kwa miguu. Yanaanzia Lango la Momella pamoja na askari. Njia inayofaa zaidi kwa mtu wa kawaida ni ile ya maporomoko ya Tululusia, mita 28 za maji kwenye korongo la kijani. Inavuka uwanda wa nyasi ambako nyati na twiga hula, kisha inaingia msituni. Tenga saa mbili hadi tatu kwa mwendo wa polepole.

Kanuni za askari si mapambo. Tembeeni mstari mmoja nyuma yake, karibu karibu, bila kupiga kelele. Akiinua mkono, simama hapohapo, usiulize. Nyati dume mzee aliyefukuzwa kundini ndiye hatari kuliko kundi zima la majike na ndama, kwa sababu hulala kichakani peke yake na hushtuka mtu akiwa karibu mno. Soksi ndefu juu ya suruali zitakusaidia dhidi ya siafu, ambao baada ya mvua hukatiza njia kwa msururu. Usisimame kupiga picha kabla ya kutazama unakanyaga wapi.

Saa saba: chakula. Kuna maeneo yaliyotengwa. Funga chapati, mayai ya kuchemsha, ndizi na machungwa kwenye kontena, kwa kuwa mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019 na mizigo hukaguliwa. Tumbili na nyani wamejifunza sura ya ndizi iliyo mkononi mwa mtoto. Wape watoto chakula ndani ya gari, vioo vikiwa juu. Na usiwarushie maganda hata kwa huruma. Nyani aliyezoeshwa ndiye atakayemng'ata mgeni wa kesho.

Saa nane hadi saa kumi na moja: Ngurdoto. Sasa ukungu umepanda. Pita kwenye makumbusho madogo, upumzishe miguu dakika chache, kisha panda hadi ukingo. Huruhusiwi kushuka ndani ya kreta. Kilichomo humo kimeachiwa wanyama, na ni jambo jema. Utatazama kutoka vituo vya ukingoni, kama Mikindu na Leitong, ambacho ndicho kilicho juu zaidi. Bila darubini utaona nukta nyeusi kwenye majani. Ukiwa na darubini ya kawaida, 8x42 kwa mfano, nukta hizo zinageuka kuwa nyati, ngiri na nyani. Kama huna, azima. Ni kifaa kimoja ambacho ukikikosa hapa utajuta.

Msitu wa kale, na namna ya kuutazama

Barabara ya Ngurdoto na ile ya kupanda kuelekea Itikoni hupita ndani ya msitu mzito wa kale. Mivuli ni ya podo, mzeituni mwitu, mwangati na mikuyu. Juu yake hutundikwa ndevu za kijivu za kuvu-mwani zinazokunywa ukungu, na ndizo alama yako ya unyevu: zikiwa nyingi, wingu hulala hapo karibu kila siku. Upepo wa unyevu kutoka Bahari ya Hindi hupanda miteremko ya kusini na mashariki ya Meru na kumwaga maji huko. Upande wa kaskazini, kuelekea Ngarenanyuki, unapata makombo. Ndiyo sababu ndani ya kilomita chache unatoka kwenye kuvu na kuingia kwenye vumbi.

Kuwaona mbega, zima injini. Watu huendesha huku wakitazama juu na hawaoni kitu. Mbega hula majani, chakula kigumu kusagwa, hivyo hukaa kimya muda mrefu tumbo likifanya kazi. Tafuta mkia mweupe unaoning'inia kama taulo, si mwili mweusi. Mmoja akiruka, hesabu wengine wanne au watano nyuma yake. Kima wanachangamka zaidi na hushuka chini. Sauti ya kelele inayofanana na mlango wenye kutu ni ya hondohondo. Chini, kwenye kivuli, paa wadogo na pongo husimama wima bila kutikisika wakikutazama muda wote unaozungumza.

Njia ya Itikoni inaendelea juu hadi kwenye mkuyu mkubwa uliofanya tao la barabara. Mbegu yake iliota juu ya mti mwingine, mizizi ikashuka na kuukaba mwenyeji mpaka ukafa na kuoza, likabaki tao lenye nafasi ya gari kupita. Ukiwa na gari la magurudumu manne na muda wa kutosha, nenda. Ukiwa umeshafika saa kumi jioni, iache. Lazima uwe nje ya lango kabla giza halijaingia, na faini ya kuchelewa si mzaha.

Maji: onyo ambalo wageni hawapewi

Usijaze chupa kwenye mito wala chemchemi za hapa, hata maji yakiwa meupe kama kioo. Miamba ya volkano ya Meru ina floraidi nyingi, na maji yanayoipitia huyeyusha. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na vyanzo vingi kuzunguka mlima vinavuka hapo kwa mbali. Maziwa yenyewe ndiyo usiseme. Meno ya kahawia unayoyaona kwa watu waliokulia vijiji vya huku hayatokani na uchafu wala uvivu wa kupiga mswaki, ni floraidi waliyokunywa utotoni jino likiwa bado linajengeka. Kuchemsha hakusaidii. Maji yanapungua kwa mvuke, floraidi inabaki, mkusanyiko unaongezeka. Vidonge vya klorini huua vijidudu tu. Siku moja haitakudhuru, lakini kwa familia yenye watoto hakuna sababu ya kujaribu: beba lita mbili za maji ya kunywa kwa kila mtu kwa safari ya gari, tatu kwa anayetembea.

Kupanda Mlima Meru

Wanaojiandaa kwa Kilimanjaro hupewa Meru kama mazoezi, na hilo linaushushia hadhi mlima ambao, mita kwa mita, una mandhari nzuri kuliko njia kadhaa za jirani yake. Kinachoutofautisha zaidi ni wanyama: kwa siku ya kwanza unatembea kati ya nyati na twiga, ndiyo maana askari mwenye bunduki ni wa lazima na vikundi huondoka pamoja Lango la Momella, lililoko takriban mita 1,500. Ukichelewa, kundi limeondoka na utasubiri.

Siku ya kwanza hadi vibanda vya Miriakamba, takriban mita 2,500. Njia ni mbili. Ya kaskazini ni fupi na kali. Ya kusini inazunguka kupitia tao la mkuyu, ni ndefu lakini mteremko wake ni wa taratibu na msitu wake ni bora. Panda kwa ya kusini, shuka kwa ya kaskazini.

Siku ya pili hadi vibanda vya Saddle, takriban mita 3,570. Ngazi za mbao na udongo hazina mwisho. Unapita Topela Mbogo, kisha Mgongo wa Tembo, msitu unageuka kuwa vichaka virefu na hewa inaanza kupungua. Fika kabla ya saa nane mchana, kula, pumzika saa moja, halafu panda Meru Ndogo, mita 3,820, urudi kulala. Watu wengi huiruka hatua hii wakisema wanatunza nguvu. Ndiyo hatua inayoufundisha mwili wako kilele, mwendo wa saa moja tu.

Usiku wa kuamkia siku ya tatu, kati ya saa saba na saa nane usiku, mnaondoka. Kuna sababu tatu za kuondoka gizani: majivu yaliyoganda kwa baridi hukanyagika vizuri kuliko yaliyolegea, macheo hutokea nyuma ya Kilimanjaro, na wingu hupanda kutoka bondeni mapema asubuhi. Mbele ni karibu mita 1,000 za kupanda juu ya ukingo wa kreta. Sehemu ngumu iko baada ya Rhino Point: mwamba unaoteremka pembeni ambao, ukiwa na barafu, huhitaji mikono miwili. Weka fimbo kwenye begi hapo, usizishike. Upande mmoja wa ukingo ni ukuta wa zaidi ya mita 1,000 kwenda chini, kwa hiyo mtu mwenye hofu ya kimo amwambie mwongozaji mapema, asingoje afike.

Vifaa visivyo na mjadala: tochi ya kichwani na betri za akiba, glavu nzito, kofia ya sufu, tabaka tatu za juu, koti la mvua, buti zilizokwishazoea mguu, begi la kulalia la baridi kali. Vibanda vina vitanda, hema halihitajiki. Koti zito halihitaji kununuliwa jipya. Soko la Memorial pale Moshi na mitumba ya Arusha zina makoti ya baridi ya Ulaya kwa bei ya sahani chache za nyama. Jaribu zipu kabla ya kulipa. Buti za mtumba ni kamari zaidi: gundi ya soli ikishazeeka huachia siku ya pili, kwenye mawe.

Maumivu ya kichwa mepesi juu ya mita 3,500 ni ya kawaida. Kutapika mfululizo, kuyumba kama mlevi, kuchanganyikiwa au kukohoa povu si uchovu. Dawa ni kushuka, saa hiyohiyo, usiku huohuo. Mwenye kushauri mgonjwa alale kidogo kwanza anamhatarisha.

Je, siku tatu au nne? Kwa siku tatu, baada ya kilele unashuka karibu mita 3,000 hadi langoni siku hiyohiyo. Mapafu yataweza, magoti ndiyo yatakayolalamika wiki nzima. Kwa nne unalala tena Miriakamba, na asubuhi unatembea msituni ukiwa na akili ya kuona. Tofauti ya gharama ni ya siku moja ya tozo na chakula. Lipa.

Mzigo wa mpagazi usizidi kilo 20. Upimwe langoni mbele yako. Bakshishi ikabidhiwe Lango la Momella mkishashuka, kila mtu mkononi mwake na kiasi kikitajwa kwa sauti mbele ya wote, kabla hamjapanda gari. Ukimpa mmoja agawe baadaye, usishangae kusikia kwamba mpishi na wapagazi wawili hawakuona kitu.